Pakiti ya rangi za mayai ya Pasaka: vidonge vizuri, vilivyobaki mbwembwe

Kwaresima ikikaribia, pakiti hizi huanza kuonekana Mtwara mjini kwa wauza zawadi na vifaa vya keki. Ndani kuna vidonge 6 vya rangi, waya wa kuchovyea, stika, na vipande vya plastiki vyenye picha ambavyo hujikaza kwenye maji ya moto. Tunaipa nyota 3 kati ya 5, na zote 3 ni za vidonge.

Kila kidonge kiweke kwenye kikombe chake, mimina vijiko 3 vya mezani vya siki nyeupe, subiri povu liishe, ndipo uongeze nusu kikombe cha maji ya baridi. Usiiruke siki, maana uchachu wake ndio unaoifanya rangi ing'ang'anie utando mwembamba ulio juu ya ganda. Ila ukiizidisha inaanza kula ganda lenyewe: vipovu vinaganda juu ya yai, na kila kilipokaa kipovu panabaki doa jeupe. Dakika 5 zinatosha, 10 kwa rangi iliyokolea, huku ukiligeuza yai mara kwa mara. Kabla ya kuchovya, osha mayai kwa sabuni na uyasuuze vizuri. Alama ya kidole chenye mafuta haipokei rangi, na huioni mpaka yai likauke.

Tatizo kubwa limechapwa kwenye boksi lenyewe: mayai ya pichani ni meupe pee. Trei nyingi za mayai ya kisasa sokoni ni za kahawia. Juu ya ganda hilo njano haionekani kabisa, waridi linafifia, na bluu inageuka kijani cha matope. Nyekundu na kijani ndizo zinazotoka vizuri. Ukitaka rangi za pichani, chagua mayai ya kienyeji yenye ganda jeupe au la maziwa, moja moja.

Hapo sasa plastiki zinakugomea. Zimekatwa kwa yai kubwa la kisasa. Yai la kienyeji linapwaya ndani yake, na ukilizamisha kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache plastiki inajikunja makunyanzi na sura ya sungura inapinda. Juu ya yai kubwa zinakaa vizuri sana, hilo tukiri.

Waya wa kuchovyea ni mwembamba mno. Unapinda, yai linateleza na kupasuka chini ya kikombe, kisha rangi inapenya hadi kwenye ute. Tumia kijiko. Matundu ya boksi ya kusimamishia mayai yakauke nayo yanalowa na kulegea kabla yai la tatu halijakauka. Trei ya karatasi ni mbaya zaidi, kwani inafyonza rangi na kuacha duara. Chomeka vijiti vya meno vitatu vitatu kwenye ndala kuukuu, yai likae juu ya ncha zake. Kwa unyevu wa Aprili hapa pwani, lipe muda mrefu kuliko maelezo ya boksi.

Maelezo hayo hayagusi kabisa mayai matupu ya kutundika. Toboa ncha zote mbili kwa sindano nene, ile pana ifike milimita 3 au 4, vuruga kiini kwa waya, kisha sukuma hewa kwa bomba la sindano jipya. Suuza ndani na uliache likauke siku 2 tundu likiangalia chini, vinginevyo litanuka na kuita sisimizi. Kwenye rangi yai tupu linaelea. Likandamize kwa kijiko, la sivyo litatoka na mstari kiunoni.

Kwa mayai ya kahawia tungeiacha pakiti dukani na kuwaomba wauza vitunguu maganda makavu. Jaza sufuria ndogo, maji lita 1, chemsha nusu saa, chuja, ongeza vijiko 2 vya siki, yachemshie mayai humo dakika 12. Yanatoka mekundu ya udongo, yamekolea. Ukifunga jani la giligilani juu ya yai kwa kipande cha soksi nyepesi ya kike kabla ya kuchemsha, umbo la jani linabaki limefifia. Raha zaidi ni kukwangua: kahawia ya ganda iko juu juu tu, chini ni jeupe, kwa hiyo ncha ya sindano inachora mistari myeupe, hata nakshi za Kimakonde ukiwa na mkono mtulivu. Anza na yai lililochemshwa. Tupu linavunjika haraka.

Ya kula yapake tone la mafuta ya kupikia yang'ae, yaweke kwenye friji, yaliwe ndani ya wiki 1. Yaliyokaa mezani zaidi ya saa 2 yabaki mapambo.