Uraka, pombe ya mabibo, au mvinyo mchanga wa pipani?

Anayejua ukakasi wa bibo, tunda la mkorosho, hahitaji somo refu la mvinyo mwekundu. Uma bibo hapa Newala: ulimi unakauka, fizi zinavutana. Hiyo ni tanini, na ndiyo hiyo hiyo inayomkaba anayeonja mvinyo mchanga wa mtindo wa Bordeaux, Ufaransa, wa zabibu za Cabernet Sauvignon na Merlot, uliochotwa moja kwa moja kutoka pipa la mwaloni la lita 225.

Mvinyo na uraka vinapoachana ni kwenye subira. Mvinyo ule mara nyingi hukaa pipani mwaka mmoja hadi miwili, ukakasi ukilainika na mti ukiupa harufu ya vanila na moshi. Kwa hiyo mwonjaji hanywi, anakisia: anauzungusha mdomoni, anautema, anajiuliza utakuwaje miaka 10 ijayo. Kutema! Mtemee mzee wa Kimakonde uraka wake mbele ya macho yake, uone kama utakaribishwa tena.

Uraka haukisiwi. Mabibo hukamuliwa msimu wa korosho, maji yake huchachuka yenyewe, na baada ya siku moja au mbili ndio huo: utamu, ukali kidogo, povu. Ukichelewa, ni siki, au unapikwa kuwa nipa, pombe kali, ambayo mimi siigusi.

Kwa pweza wa jioni pale Mikindani nachukua uraka. Mbuzi wa kuchoma nitamwekea ule mwekundu, ila uwe umetoka pipani zamani.