Tahadhari: diski za uongo za Franco na Tabu Ley zinauzwa karibu na soko la Kenya, Lubumbashi

Ndugu wapenzi wa rumba, yule mtu anayeuza masanduku ya diski pembezoni mwa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akidai kwamba ni rekodi za jukwaani na nyimbo bora za Franco, Tabu Ley na Koffi Olomidé, ni mwizi. Nilimlipa dola 60 na kupewa sanduku zuri lililojaa uongo.

Wapo watakaouliza nilimwaminije. Huyu si mchuuzi wa kubahatisha majina. Alinisimulia tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lile lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na akajua kwamba rekodi za wanamuziki wa Afrika waliotumbuiza pale zilikaa miaka mingi kabla ya kutolewa mwaka 2017. Ni kweli tupu. Alijua kwamba Tabu Ley aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, Desemba 1970. Hilo nalo ni kweli. Kisha akanisikilizisha Koffi wa Bercy, ule ukumbi mkubwa wa Paris, Februari 2000, kwenye spika yake ndogo, akaongeza sauti mpaka wapita njia wakasimama, nami nikasikia umati halisi ukimpokea mwimbaji. Akaniambia, “Papa, sikiliza mwenyewe, hiki si kitu cha studio.” Hakikuwa cha studio kweli, lakini kilitoka kwenye flashi yake, wala si kwenye sanduku alilolitoa chini ya meza na kunikabidhi likiwa limefungwa kwa plastiki. Nilipotaka kulifungua, aliushika mkono wangu kwa upole na kusema kwamba zawadi ya mzee haichanwi njiani. Alijua ni zawadi kwa sababu nilikuwa nimemweleza, na aliyatumia maneno yangu mwenyewe kunifunga mikono. Hapohapo akapokea santuri za marehemu baba, zile za African Fiesta, bendi ya Tabu Ley ya miaka ya 1960, akisoma lebo moja moja kwa sauti na kupangusa vumbi kwa kitambaa, akaahidi kuzihamishia kwenye flashi na kunirudishia zote. Mtu anayeshika santuri kwa heshima namna ile, nani angemdhania mwizi?

Waliokuwa kwa mjomba jioni nilipompa zawadi ile hawahitaji kusimuliwa. Kwa wengine niseme tu kwamba kwenye diski iliyoandikwa “Olympia 1970” ilisikika sauti ya mwimbaji Mbilia Bel. Mjomba akaomba muziki upunguzwe, akaniuliza mbele ya wageni wote, “Mpwa wangu, mwaka 1970 huyu mama alikuwa na miaka mingapi?” Alizaliwa mwaka 1959, na alijiunga na Afrisa, bendi ya Tabu Ley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilikosa pa kuweka uso. Diski ya Kinshasa 1974 ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilikuwa na “Mario”, wimbo wa Franco uliotoka mwaka 1985, tena ukiwa umekatwa kabla sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, haijakolea, ilhali wimbo wenyewe hupita dakika 10. Makofi yalikuwa yaleyale kila baada ya wimbo, na mluzi uleule mahali palepale, yamebandikwa juu ya rekodi za studio ambazo sote tumezicheza tangu utoto.

Niliporudi kwake, alisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyebadilisha diski. Kuhusu santuri, alidai hajawahi kuziona. Atakayeuziwa santuri za Fiesta zenye jina limeandikwa kwa wino wa buluu pembeni ya lebo ajue kwamba ni za familia yetu.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi wa nchi yetu, SOCODA, shirika la haki za watunzi, ipo, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ipo, na bado yeye anakata nyimbo za marehemu mchana kweupe na kula jasho ambalo familia zao zingepaswa kulipwa. Mashine zake zichukuliwe, meza yake ivunjwe, alipe kila mtu aliyemwibia, tena alipe mbele ya umati uleule alionitukania. Msimwonee huruma kwa sababu ya ulimi wake mtamu.

Mkimkuta, kataeni sanduku asilokubali lifunguliwe na kuchezwa palepale. Angalieni pia urefu wa nyimbo, maana kwenye diski zake karibu zote zinalingana, na jalada halina jina la kampuni iliyotoa rekodi. Nimeambiwa kwamba sasa anaonekana upande wa mtaa wa Katuba pia. Waliouziwa masanduku kama langu wasiyatupe kwa hasira. Wayahifadhi pamoja na plastiki yake na waniandikie, ili twende parke tukiwa wengi.