OCRE kwa sarafu za Carausius na wenzake: namba utaipata, ila usiishike haraka

Ukiwa na kipande cha shaba chenye kichwa kilichovaa taji la miale, unataka kujua mambo mawili: ni cha nani, na kina namba gani katika RIC, ile orodha kuu ya sarafu za Kirumi. OCRE, hifadhidata ya American Numismatic Society ya New York, hujibu bure, tena bila kujisajili. Kwa mfalme halali kama Hadrian inajibu vizuri mno. Kwa waliojitawaza wenyewe, inabidi uisaidie.

Chukua Carausius, jemadari wa meli za vita aliyejitwalia Uingereza mwaka 286, akauawa na msaidizi wake Allectus mwaka 293. Anza na mizani ya sonara: sarafu yake ya kawaida ina gramu 4 hivi. Kisha lenzi inayokuza mara 10, na taa uiweke ubavuni, maana mwanga wa juu huzimeza herufi zilizolika. Soma upande wa nyuma kwanza. Mara nyingi utakuta PAX AVG: mungu wa kike Pax amesimama, tawi mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Iangalie fimbo hiyo, kama imesimama wima au imelala mshazari, kwa sababu hapo namba hubadilika. Chini ya miguu yake kuna alama ya karakana iliyogonga sarafu: ML ni London, C ni karakana ambayo mji wake bado unabishaniwa. Mara nyingi kuna herufi mbili nyingine, moja kila upande wa Pax, kama F na O au S na P.

Sasa ingia OCRE, chagua Carausius, andika maandishi ya nyuma, halafu chuja kwa karakana. Ya upande wa kichwa yaache mwisho: yana namna nyingi, na kwa kuwa vipande vingi si duara kamili, herufi kadhaa huwa zimeangukia nje.

Inakwama wapi? Kwanza, sarafu za mwanzo za Carausius mara nyingi ziligongwa juu ya sarafu kuukuu za watawala waliojitenga na Roma huko Galia (Ufaransa ya leo). Kipande kimoja kinaweza kuonyesha mabaki ya maandishi mawili. Ukiandika herufi za sarafu ya chini, hutapata kitu. Pili, namba hizi za Carausius zinatokana na juzuu ya RIC ya Percy Webb ya 1933. Hazina ya Frome, Uingereza, sarafu 52,503 na kati yake zaidi ya 760 za Carausius, ilifukuliwa 2010. Kwa hiyo mchanganyiko wa alama usiouona OCRE si lazima uwe bandia. Upeleke kwenye hifadhidata ya Portable Antiquities Scheme, ambako vitu vilivyookotwa Uingereza na Wales huwekwa na picha na uzito wake.

Tatu ni Tetricus, mmoja wa watawala hao wa Galia, aliyejisalimisha kwa Aurelian, mfalme wa Roma, mwaka 274, na hapa ndipo wanaoanza huumia zaidi. Waigaji walizifyatua sarafu zake na za mwanawe kwa wingi mno, nyingine hazifiki hata gramu 1, sura kama ya mtoto aliyechora ukutani na herufi zisizosomeka. Hizo hazina namba ya RIC. Usilazimishe, andika “mwigo wa Tetricus” kwenye bahasha, basi. Zilizo halali: mwenye ndevu ni baba, kijana asiye na ndevu ni mwana.

Mtego mwingine: sura ya Diocletian, mfalme wa Roma wakati wa Carausius, nyuma yake PAX AVGGG. Hizo G tatu ni wafalme watatu, na aliyejihesabu wa tatu ni Carausius mwenyewe. Yeye ndiye aliyezitoa. Katafute kwake.

OCRE haikuambii bei, wala haitambui sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu. Kwa hilo geuza ukingo: ukiona mshono unaozunguka au vitundu vya hewa usoni, mrudishie muuzaji.