opkg ilivyonizimia intaneti siku ya Simba na Yanga

Naandika bado nina hasira, mnivumilie. Yameshapita majuma kadhaa, labda mwezi, lakini kila nikiitazama ile ruta juu ya kabati zinanipanda upya.

Nakaa Sinza, nyumba ya wapangaji sita. Intaneti ya nyumba nzima inapita kwenye ruta moja ya mtumba niliyoichukua Kariakoo, nikaifuta programu yake ya kiwandani nikaiwekea OpenWrt, mfumo huria wa Linux wa kuendeshea ruta. Modemu ya USB imechomekwa nyuma, bando tunachangia, na msimamizi ni mimi kwa sababu ndiye niliyejitia kujua. Ndipo nilipoizoea opkg, ile programu ya kuweka na kuondoa vifurushi kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. (Neno hili vifurushi nalo lina kazi. Mwambie mpangaji "naongeza kifurushi kwenye ruta" uone atakavyoshika mfuko, akidhani unamdai mchango.)

Mwanzoni niliipenda mno. Kiruta chenye MB 8 tu za kuhifadhia, halafu unaandika opkg update, kisha opkg install na jina la unachotaka, kinashuka na kukaa kama uko kwenye kompyuta kamili ya Debian Linux. Kero ilikuwa moja: orodha ya vifurushi inakaa kwenye RAM, kwa hiyo umeme ukikatika imepotea, uipakue upya kwa bando lako. Hilo nililimeza. Umeme wenyewe mnaujua.

Sasa siku ya Simba na Yanga. Saa tisa alasiri nikaona vifurushi kama ishirini na kitu vina matoleo mapya. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaunga amri moja ndefu, kila kinachotajwa na opkg list-upgradable kiingie kwenye opkg upgrade, nikabonyeza, nikaenda kununua vitumbua.

Niliporudi skrini imejaa malalamiko kwamba nafasi haitoshi. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Mfumo wa OpenWrt kwenye ruta hizi umefungwa ndani ya squashfs, hifadhi iliyobanwa ya kusomwa tu, haubadiliki. Ukisasisha kifurushi kilichokuja nao, kipya hakikai mahali pa cha zamani. Kinawekwa juu, kwenye sehemu ndogo inayoandikika iitwayo overlay, na cha zamani kinabaki chini kikila nafasi yake ile ile. Ni kama kulipia vyumba viwili ukalala kimoja. Hata ukikiondoa cha zamani, unakifunika tu, hupati nafasi yoyote. Sikatai, opkg hupima nafasi kabla ya kuweka kifurushi. Lakini inapima kimoja kimoja! Ilipokuja kugoma, nusu ya mfumo ilikuwa mpya na nusu ya zamani, na njia ya kurudi nyuma haina kabisa.

Nikazima, nikawasha. Wifi haipo. Nikaingia kwa kebo, df -h ikanionyesha overlay imejaa asilimia 100. Nikajaribu kuondoa kifurushi kimoja nipumue: haikukubali, maana hata kufuta kunahitaji pa kuandikia. Mlango ukaanza kugongwa. Wa kwanza mama mwenye nyumba: "Baba, mbona mpira wangu unazunguka tu?" Wa pili, wa tatu. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hawa wa kwangu walikuwa wamelipa.

Nikaiingiza kwenye hali ya dharura: unawasha, taa ikianza kumeta haraka unabonyeza kitufe, unaingia 192.168.1.1, unaandika firstboot. Inafuta kila ulichoongeza. Ikafuta kweli, pamoja na vifurushi vya modemu! Kwa hiyo sina intaneti kwa kuwa sina vifurushi, na vifurushi viko kwenye intaneti. Nikavipakua kwa simu, nikavihamishia kompyuta, nikavisukuma kwenye ruta kwa kebo. opkg ikavikataa: ni vya toleo jingine, kerneli (kiini cha mfumo) haifanani. Nikarudia. Vilipokubali, nje watu walishamaliza kushangilia na wengine kununa.

Halafu kuna kijana wa chumba cha mwisho, anasoma kompyuta chuoni. Muda wote alisimama mlangoni anakula karanga. Nilipomaliza ndipo akasema: "Kaka, kwani nani alikwambia usasishe vyote? Si wameandika usifanye?"

Nilitamani kumtoa na karanga zake. Usiku nikasoma, na kweli, maelekezo ya OpenWrt yanaonya. Ukitaka mapya unapiga firmware, yaani programu ya ruta, nzima nyingine. Basi lawama ni yangu? Kiasi. Kwa ruta ya MB 8 sijui ni nini kingine kingenipa nilichopewa na opkg, na miezi yote kabla ya hapo haikuwahi kunisumbua. Nisingekuwa na hasira ningeipa nyota nne. Lakini amri ipo, inaitika, haikuulizi hata mara moja "una uhakika?", na onyo limewekwa kwenye ukurasa ambao mtu anaufikia akishaungua. Nyota mbili. Au tatu, kwa kuwa bado naitumia. Leo asubuhi tu nimeweka kifurushi kimoja, kimoja peke yake, na nilipima nafasi mara mbili.

Kijana ananiambia nisijali, OpenWrt wanaiacha opkg wanahamia apk, programu ya vifurushi ya Alpine Linux (si zile apk za simu). Nikamuuliza hiyo ina tofauti gani. Akasema kusasisha vyote ni rahisi zaidi, unaandika apk upgrade tu, basi.

Nimemwambia asiiguse ruta yangu.