Kizibo kipya kwa hodhi kuukuu la kuogea: kipi ununue, kipi uache dukani

Kabla ya kutoa pesa, jua kinachovuja. Jaza hodhi nusu, tia alama maji yalipofika, kisha acha saa moja. Maji yakishuka na chini ya hodhi pakabaki pakavu, kizibo ndicho kilichochoka. Nunua kizibo peke yake. Pakiwa na unyevu chini, kasoro iko kwenye pete ya chuma inayoonekana ndani ya hodhi, au kwenye raba iliyobanwa kati ya hodhi na kiwiko cha bomba. Hapo utanunua pete na raba, na kizibo chaweza kusubiri.

Namba moja ni kizibo cha kuinua na kuzungusha. Kinakaa kwenye nguzo fupi iliyofungwa katikati ya msalaba wa pete (vyuma vinavyokatana ndani yake), hakina springi, na kikianza kupitisha maji mara nyingi dawa yake ni oringi mpya, yaani kipete cha raba cha kuzuia maji. Nguzo hizi huwa na hesi (meno ya kufungia) ya inchi 5/16 au 3/8, kwa hiyo chagua pakiti yenye zote mbili. Nywele hujisokota kwenye nguzo. Ifungue kila maji yanapoanza kwenda polepole.

Cha pili ni kizibo cha raba chenye mnyororo. Wengi hukidharau bure, ilhali hakina kitu cha kuharibika ndani ya bomba. Kinadai jambo moja tu: ukingo wa tundu uwe laini. Ukishaliwa na kutu, hakuna raba itakayoziba.

Cha tatu ni cha kubonyeza kwa kidole cha mguu. Ni kitamu kutumia, lakini springi yake hugandwa na sabuni, na kikiinuka huacha mwanya mdogo wa maji kupita. Kinunue endapo tu kiini chake kinauzwa peke yake.

Cha mwisho ni kile cha wenzo, chenye mkono kwenye tundu la maji ya ziada. Vyuma vyake vinaning'inia ndani ya bomba, vinanasa nywele, na urefu wake lazima urekebishwe kwa kubahatisha. Kama ulicho nacho bado kinafanya kazi, kiache. Kikifa, fungua skrubu za kifuniko, vuta vyuma vyote nje, funika tundu kwa kifuniko cha kawaida, ufunge kizibo cha namba moja.

Ukilazimika kubadilisha pete, usinunue kwa sura. Mahodhi ya Kimarekani yana hesi za aina mbili: inchi 1⅜ yenye meno 16 kwa inchi, na inchi 1½ yenye meno 11½. Hii ya pili huwakosesha watu sana, maana ukiipima kwa nje unapata karibu inchi 1⅞. Fungua pete ya zamani kwanza, uende nayo dukani. Mahodhi mengi ya Uingereza na Ulaya hayafungwi hivi. Hukazwa kwa nati upande wa chini au kwa skrubu ya katikati, na pete ya Kimarekani haitaingia.

Chagua pete ya shaba ya njano. Sumaku haitakusaidia kuitofautisha na ya zinki, kwa kuwa haishiki shaba wala zinki; angalia meno ya hesi, mahali ambapo kromu haikufika, uone kama ni ya njano.

Pete ya zamani hufunguka kinyume cha saa, kwa ufunguo unaoshika msalaba. Msalaba ukivunjika, kata pete kwa ndani kwa ubapa wa msumeno wa chuma, sehemu mbili zilizokaribiana, na usimame kabla ya kugusa meno ya kiwiko. Ukiyajeruhi hayo, utabadilisha na kiwiko. Kisha kunja kipande kile kuelekea katikati.

Safisha ukingo wote. Kwenye hodhi la chuma, zungusha putti ya mafundi bomba yenye unene wa penseli chini ya pete. Kwenye hodhi la akriliki tumia silikoni, kwani putti nyingi huidhuru plastiki hiyo, na silikoni iachwe saa 24 kabla ya maji. Anza kukaza kwa mkono: pete ikigoma kabla ya mizunguko mitatu, meno yamepishana, irudishe nyuma uanze upya. Jaza hodhi, fungua maji yote kwa mkupuo, na upapase chini ya kiwiko kwa karatasi kavu.