Biblia ya Union kwa Anayetaka Kujifunza Siri na Hekima ya Mungu

Kwa miaka mingi nimeisoma Biblia ya Kiswahili ya Union, toleo la 1952 lililokusudiwa kuwapa wasomaji wa tafsiri ya Kiunguja na wa ile ya Kimvita kitabu kimoja, bila kukaa chini nikaipima. Jumuiya yetu ilipoanza kusoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, nilichukua penseli nikapigia mstari kila mahali nilipokuta "siri" na "hekima", na hapo ndipo ubora wa tafsiri hii, pamoja na upungufu wake, uliponijia wazi. Maoni haya ni kwa yeyote anayetaka kununua Biblia kwa ajili ya somo hilo hasa.

Neno la Kigiriki ambalo Mtume Paulo analitumia tena na tena, mysterion, watafsiri wa Union wamelifanya "siri". Sisi Wakatoliki tumezoea kusikia "Fumbo la imani" katika Misa, kwa hiyo mwanzoni niliona "siri" kuwa neno jepesi mno, neno la majirani wanaonong'onezana. Nimebadili mawazo. Katika sura ya 13 ya waraka huo yapo maneno yote mawili: aya ya 2 inasema juu ya kujua "siri zote", na aya ya 12 inasema tunaona "kwa kioo kwa jinsi ya fumbo", ambapo Kigiriki kina neno jingine kabisa, ainigma. Watafsiri, basi, hawakukosa neno "fumbo". Waliliweka pale walipoona panalistahili. Nao wahenga wametuambia kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, maana yake fumbo hufunguliwa kwa werevu wa anayelisikia. Siri haiko hivyo, kwa kuwa hata mwerevu kuliko wote haijui mpaka mwenye nayo aamue kumwambia.

Ndivyo Paulo anavyofundisha katika sura ya 2, aya ya 7: "twanena hekima ya Mungu katika siri, ile hekima iliyofichwa". Anawaandikia watu wa Korintho waliopenda ufasaha na kushindania walimu, na anawaambia kwamba watawala wa dunia hii, pamoja na elimu yao, hawakuijua hekima hiyo, kwani wangaliijua wasingalimsulubisha Bwana wa utukufu. Tulipofika hapo jioni moja, mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, ambaye husoma kwa kufuatisha kidole, alituambia, "Wanangu, siri huambiwi kwa kuwa una akili, unaambiwa kwa kuwa unapendwa." Sijasikia ufafanuzi mzuri kuliko huo wa aya ya 10, inayosema kwamba Mungu ametufunulia sisi kwa Roho.

Uzuri mwingine wa Union ni msamiati wake. Wakolosai 2:3 inasema kwamba ndani ya Kristo hazina zote za hekima na maarifa "zimesitirika". Wangeweza kusema "zimefichwa", lakini kusitiri ni kufunika kwa heshima na kwa ulinzi, kama mtu anavyositiri mwili wake au aibu ya ndugu yake, na kwa neno hilo moja msomaji anaelewa kwamba Mungu hakuificha hekima yake kwa choyo. Soma pia Ayubu 28, ambapo wanadamu wanachimba fedha na dhahabu gizani, wanapasua miamba, kisha swali linaulizwa: "Bali hekima itapatikana wapi?" Kiswahili cha sura ile kinasomeka vizuri zaidi kwa sauti kuliko kimyakimya.

Upungufu upo, nao si mdogo. Waefeso 3:9 inazungumzia "madaraka ya siri hiyo", na msomaji wa leo atafikiria vyeo na mamlaka, wakati neno la Kigiriki, oikonomia, ni namna mwenye nyumba anavyopanga na kuendesha mambo ya nyumba yake. Watu wa jumuiya yetu walisimama hapo karibu nusu saa. Katika Mithali 8:30 Hekima anasema alikuwa pamoja na Mungu "kama stadi wa kazi". Neno la Kiebrania linaweza pia kusomwa kama mtoto anayelelewa, na nakala yangu haina tanbihi yoyote ya kumjulisha msomaji.

Kinachonisikitisha zaidi ni kukosekana kwa vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki lakini havimo katika ya Waprotestanti. Bila Hekima ya Sulemani na Yoshua bin Sira, njia kutoka Mithali 8 mpaka Injili ya Yohane inakatika katikati. Sira 24 inaeleza Hekima akiagizwa apige hema yake katika Yakobo, na Yohane 1:14, katika Kigiriki, inatumia picha hiyohiyo ya hema kwa Neno aliyefanyika mwili. Hekima 7:26 inamwita Hekima mng'ao wa mwanga wa milele, na Waebrania 1:3 inamwita Mwana "mng'ao wa utukufu wake". Kwa sababu hiyo nashauri uwe na toleo jingine lenye vitabu hivyo, uliweke kando ya Union mezani.

Kuhusu kitabu chenyewe, maandishi ya nakala yangu ni madogo kwa macho ya jioni, na mshono ulianza kuachia kwenye Zaburi baada ya miaka miwili, hivyo kagua mgongo kabla ya kulipa. Karatasi ni nyembamba, na wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili. Nunua na penseli, uanzie 1 Wakorintho 2.