Daytona ya stili, ya dhahabu na ya platinamu: maneno ya fundi

Mimi ni fundi saa hapa Deira, Dubai, mtu wa Mombasa niliyezeekea kwenye stuli. Rolex Daytona sina, wala sitarajii kuwa nayo, lakini za wenyewe nazifungua, nazisafisha na kuzifunga. Majuzi zilikutana mezani kwangu tatu za toleo la 2023: ya stili, ya dhahabu ya njano na ya platinamu. Wateja huniuliza pesa iliyozidi inaenda wapi.

Kwenye mashine haiendi. Zote tatu zina mashine ya aina moja, Rolex wanaiita 4131, zinajitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono, zikivuliwa zinatembea saa 72 ndipo zisimame, na maji zinavumilia hadi mita 100. Ya platinamu imewekewa kioo mgongoni ili uione mashine ikicheza. Basi.

Tofauti kubwa ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya stili ni gramu 8 hivi, dhahabu ya karati 18 ni kama 15, na platinamu hupita 20. Ya stili ukishaivaa unaisahau. Ya dhahabu unaijua ipo kila unapoinua kikombe cha kahawa. Ya platinamu mkanda ukilegea kidogo tu, saa inazunguka na kukugonga mfupa. Dukani uzito huo ni raha. Kuubeba kutwa nzima kwenye joto la Agosti ni habari nyingine.

Kinachonichekesha ni duara linalozunguka kioo, lile lenye namba za mwendo kasi. Kwenye stili ni seramiki nyeusi, kwenye platinamu seramiki ya kahawia. Lakini ukitaka dhahabu pamoja na mkanda wake wa dhahabu, duara nalo ni dhahabu tupu iliyochongwa namba. Aliyelipa zaidi ya mara mbili ndiye anayeniletea mikwaruzo ya mlango wa gari, na la mwenye stili bado jipya. (Ila asiidondoshe kwenye marumaru. Seramiki haikwaruziki kirahisi, hupasuka.)

Mikwaruzo ya dhahabu nikiipiga polishi inatoka, na dhahabu kidogo inatoka nayo. Fanya hivyo mara kadhaa, kona kali zinayeyuka na mnunuzi mjuzi anaziona akiwa bado mlangoni. Platinamu ina tabia yake: ukiikwaruza, madini hayatoki, yanasukumwa pembeni na kufanya kituta. Kuing'arisha ni kazi ya jasho, na fundi asiyeizoea ataiharibu. Stili ndiyo inayosikia maneno. Ni aina ya stili iitwayo 904L, yenye kromiamu na nikeli nyingi, na hata maji ya chumvi ya pwani haiyaogopi.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayaligusi. Wanaume wengi wa huku na wa kwetu pwani hawavai dhahabu kwa sababu ya dini. Wapo wanaokimbilia dhahabu nyeupe wakidhani wamepona, kumbe nayo ni dhahabu ya karati 18, robo yake tu ndiyo madini mengine. Anayetaka kitu cha thamani bila dhahabu huishia kwenye platinamu. Ila hata hiyo 4131 ya platinamu, rota yake, kile kipande kinachozunguka na kuitia saa ufunguo, kinachoonekana mgongoni, ni ya dhahabu. Hukumu yake kamuulize shehe, mimi ni fundi.

Bei nayo ina vituko. Mwaka 2023 ya stili ilitoka kwa dola 15,000 na ushei, ya platinamu ikapita 75,000. Lakini ya stili kuipata dukani ni foleni, kwa hiyo ya mtumba inauzwa ghali kuliko mpya kwa maelfu ya dola. Tena Daytona ya Paul Newman mwenyewe, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, ilikuwa ya stili.

Mimi ningechukua stili yenye uso mweupe, bila kufikiri. Ya dhahabu ni ya mtu wa sherehe, avae, avue, afunge kabatini. Ya platinamu naikubali kwa uso wake wa buluu ya barafu. Kwenye picha umepauka, mkononi unabadilika kwa kila mwanga. Ukiinunua hiyo, kila ukiipeleka kwa fundi mwandikie kwenye risiti: osha, tia mafuta, polishi usiguse.